Nimeangalia Nightcrawler usiku wa manane, nimeikumbuka kandambili ya Mbande

KameraYaKizota (mwenye uzi), Jumatano saa 1:40 jioni

Wakuu habari za jioni. Wasimamizi, kama uzi huu haukai hapa uhamishieni jukwaa la filamu, ila msiufute.

Jana umeme ulikatika huku Kizota, Dodoma, tangu saa mbili. Uliporudi saa tano na nusu usingizi ulishaniruka. Kuna jamaa wa Sabasaba hunijazia flashi, na humo kulikuwa na Nightcrawler, ya mwaka 2014. Nilishaipita mara kibao nikidhani ni ya mashetani.

Asiyetaka kusimuliwa aishie hapa.

Lou Bloom ni kijana wa Los Angeles anayeishi kwa kuiba nyaya za shaba, nyavu za uzio na mifuniko ya mashimo ya barabarani, anampelekea mtu wa skrepa. Siku moja anamwomba kazi yule yule wa skrepa, anajibiwa kwamba pale hawaajiri mwizi. Na anayejibu hivyo ndiyo kwanza kamaliza kununua mali ya wizi. Usiku huo Lou anakuta ajali barabarani. Polisi wanahangaika kumtoa mwanamke kwenye gari linaloungua, na pembeni kuna mtu mwenye kamera hahangaiki na chochote isipokuwa kamera. Lou anamuuliza hizi picha zinakwenda wapi. Kwa atakayelipa zaidi. Kesho yake Lou kaiba baiskeli ya mbio, kaibadilisha kwa kamera ndogo na redio ya kunasa mawasiliano ya polisi. Kazi imeanza.

Sasa kwa nini nawaletea haya. Hiyo ndiyo kazi yangu. Redio ya polisi sina, nina magrupu 11 ya WhatsApp: bodaboda wa Nanenane, bodaboda wa Ihumwa, madereva wa brekidauni, makondakta wa njia ya Kibaigwa, na kijana mmoja wa mochwari ambaye simtaji. Tukio likitokea kati ya mjini na Gairo, mara nyingi trafiki wananikuta. Klipu namuuzia mhariri wa tivii moja ya mtandaoni. Mgogoro wa shamba au kiongozi kakagua daraja, 15,000. Ajali isiyo na kifo, 20,000. Ajali yenye damu inayoonekana, 40,000, na hela inaingia kwenye simu siku hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kunitajia bei hizo. Nimezijua kwa kuangalia meseji za miamala.

Kuna mahali kwenye filamu Lou anawahi ajali kabla ya polisi. Mtu kalala chini, lakini kalala vibaya kwa kamera, kiza kimemla nusu. Lou anamshika miguu anamburuta mpaka kwenye mwanga wa taa za gari. Halafu anarudi nyuma, anainua kamera juu ya kichwa, anatulia. Nilisimamisha filamu nikatoka nje. Mbwa wa jirani wakanibwekea kama hawanijui.

Mwezi wa tisa mwaka juzi, mbele kidogo ya Mbande ukielekea Kibaigwa, gari aina ya Noah liliingia uvunguni mwa lori. Nilifika majeruhi wameshapakiwa. Palibaki vioo, mafuta, doa la damu na gunia la alizeti lililopasuka. Nilipoangalia kwenye kioo cha kamera nikaona picha haina kitu, ni kama gereji. Mita kama 15 hivi, kwenye majani makavu, kulikuwa na kandambili moja ya mtoto, ya bluu, kamba imeungwa kwa waya. Nikaiokota. Nikatembea nayo mpaka kwenye lile doa, nikaiweka, nikarudi nyuma kuangalia, sikuipenda, nikaenda nikaigeuza ili ule waya uonekane. Nikachukua. 40,000.

Sikumburuta mtu. Ila ule mwendo wa kwenda, kurudi, kuangalia, kwenda tena kurekebisha, nimeuona jana kwenye filamu, hatua kwa hatua.

Swali kwa wadau: hii filamu ni ya kichaa mmoja, au ni ya kazi yenyewe?

BisiBaridi, saa 1:52 jioni

Siti ya mbele. Nimewahi.

JembeLaMtumba, saa 2:05 usiku

Mkuu unajitesa bure. Hiyo filamu mimi nimeiona mara tatu na huwa namuona Lou kama kijana mpambanaji. Hana cheti, hana mjomba wizarani, kajifunza kila kitu mtandaoni, kafungua kampuni, kaajiri mtu. Hapa Mtumba tangu mji wa serikali uanze kujengwa naona vijana na bahasha za kaki wanazungushwa jengo hadi jengo, na adabu zao zote. Wangekuwa na nusu ya ujasiri wa Lou wangeshatoka.

Kandambili si mtu. Umeongeza chumvi, basi. Nani haongezi?

DadaWaZamu, saa 2:31 usiku

Jembe, kaka yangu, njoo ukae na mimi zamu moja ya usiku mapokezi ya dharura. Sisemi hospitali gani.

Gari likileta majeruhi, wa kwanza kushuka siku hizi ni simu. Kuna siku tunamsukuma mtu kwenye kitanda cha magurudumu, mbele yetu kijana anatembea kinyumenyume anarekodi. Akajikwaa kwenye ngazi, kitanda kikasimama ghafla, mgonjwa akalia kwa maumivu, na kijana akiwa chini pale pale simu kaiinua juu, bado inarekodi. Alikuwepo bibi mmoja wa Kigogo, mama mzazi wa yule mgonjwa, kashika mwisho wa kitenge cha mwanae. Akamuuliza kijana kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjukuu wangu, unampiga picha ya nini? Kwani ameshinda nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Ila klipu aliirusha, niliiona kesho yake, na sauti ya bibi ameikata.

Mwenye uzi, sikuombei mabaya, ila nimesoma hapo kwenye kuigeuza nikasikia baridi.

KibandaChaSinema, saa 2:58 usiku

Huu uzi ni wangu, nipisheni.

Kwanza taarifa kidogo. Aliyeandika na kuongoza ni Dan Gilroy, na ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza. Imefanywa kindugu: mhariri wa picha ni pacha wake John, na Rene Russo anayecheza kama Nina, yule bosi wa habari za asubuhi, ni mke wake. Bajeti dola milioni 8.5, ambayo kwa Hollywood ni hela ya chai. Jake Gyllenhaal alijikondesha kwa ajili ya Lou. Yeye na Gilroy walikuwa wanamfikiria kama mbweha wa kule kwao, wale wanaoshuka usiku kutoka milimani na njaa yao kuingia mjini. Sisi watu wa Dodoma tungesema fisi na tungekuwa tumemaliza. Mwangalieni macho, yule mtu karibu hapepesi. Kuna mahali anapasua kioo cha bafuni kwa hasira. Alikipasua kweli, akakata mkono, akashonwa.

Tuzo za Oscar zikampita. Filamu nzima ilipata uteuzi mmoja tu, wa mswada wa filamu. Bado nina kinyongo.

Sasa kwenye swali. Kichaa au kazi? Gilroy alianza na wazo la kumsimulia Weegee, mpiga picha wa New York miaka ya 1930 na 1940, jina lake halisi Arthur Fellig. Huyo alikuwa na redio ya polisi ndani ya gari, na kwenye buti ana vifaa vya kusafishia picha. Analala na nguo. Sasa sikiliza hii, mwenye uzi. Moja ya picha zake maarufu, ya mwaka 1943, inaonyesha akina mama wawili matajiri, almasi tupu, wanaingia kwenye opera, na pembeni mwanamke mchakavu anawakodolea macho. Dunia ikaisifu miaka na miaka. Baadaye msaidizi wake akaja kusema yule mwanamke walimtoa baa, kalewa, wakamsimamisha pale kusubiri matajiri washuke kwenye gari.

Kwa hiyo kandambili yako ina babu yake.

BisiBaridi, saa 3:04 usiku

"Kandambili yako ina babu yake" 😂 dah.

JembeLaMtumba, saa 3:10 usiku

Kibanda asante, umenisaidia. Kama bingwa wa dunia alipanga picha na bado anasifiwa, sisi wa huku tunalia nini?

MkongweWaKaseti, saa 3:47 usiku

Vijana, hiyo sinema sijaiona, macho yangu na kompyuta hayapatani usiku. Lakini nimeuelewa uzi.

Mimi niliripoti redioni kutokea hapa Dodoma kwa miaka mingi. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima kule Igandu, ikarudi nyuma na mteremko mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281. Namba hiyo nikiamshwa usingizini naitaja. Nilikwenda na kinasa sauti cha kaseti, betri za akiba na daftari. Hakuna aliyekuwa na simu ya kupigia picha. Ndugu walikuwa wanatoka Mwanza, Tabora, Kigoma, Dar, hawajui kitu, na kila mmoja akiona mtu ana daftari anamkimbilia akidhani lina majina.

Daftari langu lilikuwa na majina kweli. Mhariri wetu, marehemu sasa, alikuwa na amri moja: jina halisomwi redioni mpaka ndugu awe ameambiwa na mtu, ana kwa ana. Nilimbishia. Nilikuwa kijana, nilitaka kuwa wa kwanza. Akanikatia simu.

Msinifanye malaika. Bahasha za hela nimepokea, na kuna habari nimeziandika nikiwa kwenye meza ya mkutano wakati tukio sijalifikia. Ila jina la marehemu sikuwahi kulisoma kabla ya wakati wake.

Nina swali moja kwa mwenye uzi. Kile kiatu kilikuwa cha nani?

KameraYaKizota, saa 4:02 usiku

Shikamoo mzee.

Kilikuwa pale pale eneo la tukio.

MkongweWaKaseti, saa 4:09 usiku

Marahaba. Sikuuliza kilikuwa wapi.

KibandaChaSinema, saa 4:15 usiku

Wakati mwenye uzi anatafuta majibu, niwape kitu ambacho wengi wanakipita. Watu wote wanamkodolea Lou, ila mimi nikiirudia hii filamu namwangalia Nina. Mkataba wake unakaribia kuisha, kituo chake hakina watazamaji, umri umeanza kumtupa mkono. Anamwambia Lou waziwazi anachotaka: mwathirika awe mtu wa mtaa wa kitajiri, mzungu, na mkosaji awe maskini au wa rangi nyingine. Maskini akiuawa kwao maskini, hiyo anayo tayari, haimsisimui.

Halafu ile nyumba ya mauaji. Lou anafika wauaji wakiwa bado wanatoka. Anawachukua sura, anachukua namba za gari, anaingia ndani anapiga chumba kwa chumba. Kile kipande chenye sura na namba anakikata, anabaki nacho, polisi anawapa kilichobaki. Habari inarushwa kama "wahalifu wameingia vitongoji vya amani, hakuna aliye salama". Baadaye ndani ya nyumba ile yanakutwa madawa ya kulevya, mzigo. Maana yake haikuwa bahati mbaya ya familia yoyote, ilikuwa biashara imegeukana. Mwenzake Nina pale chumba cha habari anamwambia hii lazima tuitangaze. Nina anakataa. Itaharibu simulizi.

Mimi hapo ndipo ninapoogopa. Lou anasogeza maiti. Nina anasogeza ukweli wote, na hajashika hata glovu.

WakiliWaMakole, saa 4:40 usiku

Kwa faida ya vijana wenye kamera, kwa sababu naona Jembe anawapotosha.

Alichofanya Lou na namba za gari, kwetu kinaangukia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuondoa au kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kitahitajika kama ushahidi ni kosa. Kiatu ulichokitoa kwenye majani ukakiweka kwenye damu, mpelelezi angekichukua kama kielelezo, mwenye uzi. Fikiria hilo taratibu.

Pili, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kazi hiyo. Kitambulisho cha kuchapishiwa stendi chenye neno PRESS jekundu si ithibati. Tatu, tivii ya mtandaoni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na inabanwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, haiwezi kusema "sisi tulitumiwa tu". Nne, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na tume yake. Na kama hutaki mahakama, Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995 na kazi yake mojawapo ni kusuluhisha malalamiko ya namna hii mezani.

Ushauri ni bure leo. Kesho nauza.

JembeLaMtumba, saa 4:55 usiku

Wakili sheria zako nzuri, lakini nani anayeangalia? Mimi na wewe. Klipu ya mbunge kakagua daraja ina watu 300, ya ajali ina laki mbili. Mwenye uzi angeleta vioo na alizeti angelipwa 20,000 na mafuta ya pikipiki yamekula 12,000. Mnamtwisha kijana dhambi ya nchi nzima. Waandishi wote ni akina Lou, tofauti ni kamera tu.

MkongweWaKaseti, saa 5:20 usiku

Hapo kwenye "wote" nakukatalia, kijana.

Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Iringa, Daudi Mwangosi wa Channel Ten alikwenda kazini hakurudi. Wenzake waliokuwepo walikuwa na kamera na hawakuziteremsha. Picha zile zinatisha, mimi mpaka leo nikiziona nageuka upande. Lakini kupitia picha zile tulimwona yuko chini, askari wamemzunguka. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15. Sasa niambie, mpiga picha wa Nyololo alihamisha nini?

Damu kwenye picha hainisumbui mimi. Nimeziona nyingi. Nauliza kama kilichomo kilikuwa hivyo kabla hujafika.

Na bado nasubiri jibu langu.

DadaWaZamu, saa 5:26 usiku

Mzee kamshika koo.

BisiBaridi, Alhamisi saa 1:15 asubuhi

Mwenye uzi kapotea. Bando limeisha au roho imemsuta?

KibandaChaSinema, saa 3:30 asubuhi

Tukimsubiri, kuna mtu kaniuliza kuhusu Rick. Rick ndiye msaidizi, kijana asiye na makazi, Riz Ahmed kamcheza vizuri mno. Analipwa dola 30 kwa usiku, anasoma ramani, anachunga gari. Kwa kumwangalia unaona anajua kwamba kazi ni chafu, lakini dola 30 ni dola 30. Alipoanza kudai mgawo mkubwa kwa sababu anajua siri, Lou hakugomba. Huwa hagombi. Anaongea kama yule mwalimu wa semina za ujasiriamali za ukumbini, malengo, mazungumzo ya pande mbili, thamani yako sokoni. Nimewahi kulipa 10,000 kuingia semina ya hivyo, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwisho wa Rick siusemi kwa sababu BisiBaridi bado hajaiona. Nasema tu kwamba Lou anamwambia jambo moja la uongo, dogo, kuhusu mtu aliyelala ndani ya gari. Na kamera iko tayari.

JembeLaMtumba, saa 3:41 asubuhi

Umeshaisema hiyo.

KameraYaKizota, saa 2:20 usiku

Sikupotea. Nimeandika hii mara nne nafuta.

Mzee, jibu ni hili. Sijui kilikuwa cha nani. Kwenye Noah kulikuwa na wanaume wanne, wafanyabiashara wa alizeti, na dereva. Mtoto hakuwepo. Hilo nilikuwa nalijua siku ile ile, konda wa costa iliyokuwa nyuma yao aliniambia kabla sijatoa kamera kwenye begi. Ile kandambili labda ni ya mtoto wa kuchunga mbuzi, labda ilishakaa pale wiki.

Mhariri aliipa klipu kichwa "KIATU CHA MTOTO CHAWALIZA WENGI". Sikuandika mimi. Nilikisoma nikakaa kimya.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Kibaigwa, soko la mahindi, natengeneza habari ya bei. Akaja mama mmoja, makamo, kanga mbili, ana unga wa mahindi mpaka kwenye nyusi, ni wa wale wanaopepeta pale. Wakamwonyesha, "Huyu ndiye wa kamera." Akanisalimia vizuri. Akasema siku ile ya ajali mwanae wa miaka saba alikuwa kaondoka asubuhi na shangazi yake kuja Dodoma, na hakujua wamepanda gari gani. Jioni jirani akamwonyesha klipu. Mwanae alikuwa na kandambili za bluu. Na kamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiunga kwa waya.

Simu ya shangazi haikuwa na chaji. Huyu mama aliomba lifti usiku ule ule mpaka mjini, akazunguka wodi zote, asubuhi akamalizia mochwari. Alikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliishiwa nguvu mlangoni. Siku ya pili mchana akamkuta mtoto Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, anacheza mpira wa soksi, kandambili zote mbili mguuni.

Akasema hakuja kunigombeza. Alitaka kuniuliza kitu kimoja tu. Ile kandambili niliikuta wapi?

Nikamwambia ilikuwa pale pale kwenye damu.

Akanyamaza. Akafuta uso na upindo wa kanga, ule unga ukageuka michirizi. Akasema, "Basi kuna mama mwingine."

Akaniambia tangu siku alipomkuta mwanae anamwombea huyo mama mwingine, hajui ni wa wapi, na alishatoa sadaka kwa jina la mtoto asiyemjua. Akanishukuru. Akarudi kupepeta.

Klipu niliyoiendea Kibaigwa, ya bei ya mahindi, nililipwa 15,000.

DadaWaZamu, saa 2:38 usiku

Yesu wangu.

BisiBaridi, saa 2:40 usiku

Sina utani.

JembeLaMtumba, saa 2:51 usiku

Mkuu pole. Lakini bado nasema, mhariri ndiye aliyeandika kichwa cha habari.

WakiliWaMakole, saa 3:02 usiku

Jembe pumzika.

Mwenye uzi, klipu bado ipo hewani?

KameraYaKizota, saa 3:06 usiku

Ipo. Nilimwomba aitoe mwezi uliofuata, akaniambia inaendelea kuingiza watazamaji. Nikamwambia basi abadilishe kichwa. Akasema kichwa ndicho kinachoingiza watazamaji. Ndiyo maana ile sehemu ya Nina, aliposema Kibanda, sikuweza kujibu. Mimi nilikuwa na ukweli wote mkononi tangu dakika ya kwanza. Madawa yangu yalikuwa abiria wanne.

Na msinielewe vibaya, nimeendelea kumuuzia. Juzi tu nilimpelekea moja ya bodaboda na trekta kule Nala. Sikuhamisha kitu, lakini nilisimama muda mrefu nikiangalia chini.

WakiliWaMakole, saa 3:19 usiku

Andika barua, ukurasa mmoja unatosha. Eleza ulivyokikuta kiatu, ulivyokihamisha, kwamba mtoto hakuwepo, na kwamba unataka klipu iondolewe. Nakala weka. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Baraza la Habari na barua ile ikiwa kiambatanisho. Unajianika, najua. Njoo faragha nikupitishe, na hii siuzi.

MkongweWaKaseti, saa 3:44 usiku

Hapo mjini fuata maneno ya wakili. Mimi nazungumzia Kibaigwa.

Yule mama anamwombea mtu asiyekuwepo mwaka wa pili sasa. Umesema anapepeta sokoni. Basi hajapotea.

KameraYaKizota, saa 3:50 usiku

Mzee, nikifika nianzie wapi? Atanipigia kelele watu wajae.

MkongweWaKaseti, saa 3:58 usiku

Wajae. Umewahi kuwajaza watu kwa mambo ya wengine.

DadaWaZamu, saa 4:10 usiku

Kaka, sisi kazini kwetu tukimpa mtu taarifa tunaanza na jambo lenyewe, hatumzungushi. Ukimzungusha anasikia moyo wako unavyodunda, hasikii maneno. Unakwenda lini, na utamwambia nini?

KameraYaKizota, saa 4:25 usiku

Jumamosi, costa ya saa 12 asubuhi. Nitamwambia kwenye ile Noah hakukuwa na mtoto.